Mwaka Tuliopanua Njia ya Kisian

Gari lililomleta Mama Peris kutoka mochari lilishuka kutoka Kisian mpaka mlangoni pake bila dereva kusimama hata mara moja kuuliza njia. Mimi nilikuwa nimetangulia, kwa miguu, kwa sababu nilitaka kuishuka njia ile kwa miguu, nikakaa chini ya turubai katikati ya wanaume ambao wengi wao sikuwajua. Bwana mmoja aliyeshika kipaza sauti alisema marehemu ameletwa nyumbani kwa barabara nzuri, akamshukuru mheshimiwa fulani aliyeketi mbele kwa kuileta. Watu wakapiga makofi. Mzee aliyekuwa kando yangu hakupiga. Aliniinamia akasema, "Hii barabara ilikuwa ya mbuzi, na hata mbuzi walikuwa wanapanga laini." Kwa mzaha huo nilimtambua Ogutu, ambaye nilikuwa sijamwona kwa zaidi ya miaka ishirini. Tulishikana mikono kwa muda mrefu. Hakuna aliyesimama kusahihisha maneno ya yule bwana, na sidhani Mama Peris angetaka. Lakini wiki nzima tangu tumzike nimekuwa nikiufikiria mwaka ule, na naona afadhali niuandike kabla haujachanganyika na miaka mingine.

Namna nilivyofika Kadero, kijiji chake cha kando ya ziwa, si kisa cha leo. Inatosha kusema kwamba miaka ya tisini ilikuwa imeanza tu, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kazi sikuwa nayo, na mali yangu ilikuwa baiskeli nyeusi ya Kihindi na mkoba wa nguo. Mama Peris alinipa simba ya mwanawe, yaani kile kibanda cha kijana kinachojengwa karibu na lango la boma. Mwanawe, Joel, alikuwa karani mjini na aliishi Kaloleni na mke wake, kwa hiyo kibanda kilikuwa tupu. Kilikuwa na kitanda cha kamba, ndoano mbili ukutani, kalenda iliyopitwa na wakati yenye picha ya trekta, na dirisha dogo ambalo asubuhi lilileta moshi wa jikoni na harufu ya samaki wa kukaanga. Nimeishi katika vyumba vingi tangu wakati ule, Busia, Mwanza, Isiolo, Mbita, na kila mahali nimekaa muda wa kutosha kujua chai nzuri inauzwa wapi, kisha nikaondoka. Chumba ninachoweza kukitembea huku nimefumba macho ni kile tu. Watu wa pale walinipa jina siku ya kwanza, Fom Foo, yaani kidato cha nne, na sikulipoteza mpaka nilipoondoka. Walizungumza Kijaluo, na mengi ninayoyaandika hapa yalisemwa kwa lugha hiyo.

Mama Peris alikuwa mjane na mchuuzi wa samaki. Alfajiri alinunua ngege ufuoni, akawapanga kwenye karai juu ya majani mabichi, akaliweka kichwani juu ya kata ya nguo, akapanda mpaka Kisian kwenye barabara ya Busia, ambako wanunuzi wa mjini walikuja na barafu yao. Aliyechelewa alikuta wameshajaza, na samaki aliyerudi nyumbani na jua alikuwa wa kukausha tu. Kazi hiyo alikuwa ameifanya tangu Joel akiwa mgongoni. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limevimba na halikunyooka vizuri, na katika mvua za mwaka uliotangulia alikuwa ameanguka njiani na karai lake. Joel hakuisahau habari hiyo. Alikuja kumsalimia mwezi wa Januari, wakakaa ndani wakila, na mimi nje nikitia viraka mpira wa baiskeli nikasikia yote, kwa sababu kuta za udongo hazifichi kitu.

"Mama, huo mguu si wa kubeba karai."

"Karai silibebi kwa mguu. Kula samaki, inapoa."

"Mwaka jana ulianguka."

"Niliteleza."

"Ulianguka, Mama. Were ndiye alitoka kwake akakutoa kwenye tope. Ofisini watu waliniuliza kama kweli mama yangu anaokotwa kama mzigo."

"Hao watu wa ofisi yako wanakula samaki ama hawali?"

Hapo Joel akasema neno ambalo lilitawala nyumba ile miezi yote iliyofuata. "Mvua ikianza nitakuja kukuchukua. Chumba kiko tayari Kaloleni. Utapumzika."

Alipokwisha kuondoka, Mama Peris alitoka na sahani, akaniona, akajua nimesikia. "Kule Kaloleni nimelala," aliniambia. "Ukikohoa, jirani anasema pole kupitia ukuta. Mimi sitaki pole ya kila saa." Akaenda kuosha sahani. Lakini nilimwona akitembea, na goti lile halikutaka kubishana na Joel. Mwanamke wa umri wake akifunga nyumba ya mumewe na kwenda kukaa chumba cha mjini, majirani hawasemi amepumzika. Wanasema nyumba imezimika moto.

Njia yenyewe ilistahili lawama zote. Kutoka ufuoni hadi Kisian ilipanda kati ya nyua za ojuok, ule mti wa vijiti vya kijani ambao watu wa ziwani hupanda kuzunguka maboma na ambao ukikatwa hutoa utomvu mweupe unaochoma. Nyua zilikuwa zimeachwa miaka mingi, zikajongeleana kutoka pande zote mbili, hata mwanamke mwenye karai alipita upande upande. Chini ilikuwa udongo mweusi, ule ambao kiangazi hupasuka na kumeza fimbo na masika hushika kiatu na kubaki nacho. Katikati palikuwa na kijito, kiangazi unakiruka, masika kinakuruka wewe. Baiskeli ilipita kwa kubebwa begani. Mimi nilikuwa naibeba yangu begani kila nilipotaka kwenda Kisian kuipanda, na wanawake walinicheka. "Fom Foo, leo nani amempanda mwenzake?"

Mwaka ule ofisi ndogo ya maendeleo ya kanisa moja mjini ilikubali kutusaidia. Ofisi ingetoa kalvati za kijito, lori la changarawe, matoroli na fundi wa kusimamia. Sisi tungetoa mikono. Kila boma likate ua wake na kuchimba kipande kinachopita mbele yake, na kazi ya mikono iishe kabla ya mvua, maana mvua ikinyesha lori haliwezi kushuka na kalvati zitapelekwa kwa watu wengine walio tayari. Mama Peris ndiye aliyekuwa amekwenda kuomba, mara nyingi, mpaka mlinzi wa ofisi akawa anamwita shangazi. Kwake hesabu ilikuwa nyepesi. Baiskeli ikiweza kufika ufuoni, samaki atapanda kwenye keria na yeye atapanda nyuma ya samaki, na goti litabaki kuwa jambo lake mwenyewe. Baiskeli isipofika, Joel atafika.

Fundi alikuwa kijana wa Kibukusu aitwaye Lusweti, mpole, mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Kwa ajili yake mikutano ilifanywa kwa Kiswahili, na wazee wakasema maneno machache kuliko kawaida. Lusweti aliikagua njia akaamua tuanzie chini, ufuoni, kwa sababu mchanga na mawe vilitoka huko na tope baya lilikuwa huko. Lilikuwa wazo zuri. Hakuna aliyelipinga. Boma la kwanza kutoka ufuoni lilikuwa la Mama Peris, nalo halikugusana na njia. Yaliyofuata yalikuwa matatu ya ndugu watatu, watoto wa shemeji yake. La Ogutu, kitinda mimba, ndilo lililokuwa chini. Juu yake la Were, wa katikati. Juu kabisa la Ochola, mkubwa wao, ambaye hakuwepo. Alikuwa akiishi Awasi, kwenye barabara ya Kericho, na hakuwa amekanyaga nyumbani tangu mazishi ya mama yao.

Siku ya kwanza Ogutu alikuja na panga lililonolewa mpaka linang'aa. Alikuwa mtu wa kutangulia, katika wimbo, katika chakula, katika matanga. Alikata ua wake akiimba, vijiti vikianguka kama kuni za bure, watu wakimchochea. "Taratibu, Ogutu, utaikata na nyumba." Naye akajibu, "Nyumba ina mwenyewe, anaitwa mke wangu, huyo simkati." Hapo akapiga tawi nene lililokuwa juu ya kichwa chake, na utomvu ukamwingia jicho la kushoto. Aliketi chini palepale. Hakupiga kelele, ila miguu ilikuwa inachimba udongo. Walimwosha kwa maji, kisha mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha akaitwa, akainama, akamkamulia maziwa yake jichoni, dawa ambayo pale kila mtu aliiamini. Ogutu, akiwa amelala chali na uso umelowa, akasema, "Sasa mimi nitakuitaje? Mama ama shemeji?" Watu wakacheka, lakini kicheko kile kilikuwa kifupi, na nilimwona mzee mmoja akiokota jembe lake na kwenda zake bila kuaga.

Kesho yake tulikuwa wawili njiani, Lusweti na mimi. Jua likapanda. Matoroli yalikuwa yamelala chali pale tulipoyaacha. Nilikwenda kwa Were nikamkuta kivulini anashona wavu ambao siku iliyotangulia haukuwa na tundu. "Leo kuna wavu," akasema. Nyumba iliyofuata walisema kuna mgeni, ingawa mgeni hakuonekana. Iliyofuata mke alisema mume ana tumbo, na mume akaitikia kutoka ndani kwamba ni kweli. Lusweti aliketi juu ya toroli moja, akavua kofia yake akaivaa tena. "Nimewakosea nini hawa watu?" akaniuliza. Sikujua. Nilikuwa nimekulia mjini, nilijua jina la kila tawi la ukoo kama mtu anavyojua majina ya vituo bila kuwahi kushuka.

Mama Peris ndiye aliyenieleza, jikoni, akichambua mboga za osuga. Alitupa mashina upande mmoja na majani kwenye sufuria, na hakuinua macho. "Mkubwa ndiye anaanza," alisema. "Kupanda, kuvuna, kujenga, kutoka. Mdogo akianza, amemruka mkubwa wake. Ua ni mpaka wa boma. Ogutu amefungua boma lake upya na la Ochola bado limefungwa. Na jicho limemjibu siku hiyohiyo. Sasa nani atachukua panga?"

"Lakini ni utomvu, Mama. Yeyote anayekata ojuok juu ya kichwa chake utamwingia."

"Najua ni utomvu. Nimekata ojuok kabla hujazaliwa." Akapima sufuria kwa jicho. "Nilikuwa hapo jana. Niliona tunaanzia chini, na nilijua. Nikasema moyoni, hii ni njia tu, si shamba, wacha ipite haraka kabla mtu hajakumbuka. Nilikuwa nasikia mvua." Aliweka sufuria motoni, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwamba alikuwa na hofu.

Leo, nikiwa nimepita vijiji vingi, nimewasikia watu wa miradi wakisema mila huzuia maendeleo, na wengine wakisema mila ni hekima, na wote wawili hunichosha. Niliowaona Kadero walikuwa watu waliotaka njia na waliotaka pia kulala usingizi. Waliketi kwa Were alasiri moja kutafuta namna ya kupata vyote viwili, wazee kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, Lusweti kwenye debe lililopinduliwa, na bakuli la nyoyo, mahindi na maharage, likizunguka. Lusweti alizungumza kwa adabu. "Wazee, nawaheshimu. Lakini njia si mahindi. Haipandwi, haivunwi."

Mzee aliyekuwa ameondoka na jembe siku ile akatafuna kwanza, akameza. "Wewe fundi, kwenu Bungoma, mdogo anaweza kuingia jandoni kabla ya mkubwa wake?"

"Hapana, Mzee."

"Na kisu si ni kisu tu?"

Lusweti alitazama chini, kisha akaanza kucheka mwenyewe, mabega yakitikisika. "Sawa, Mzee. Nimeelewa. Nipitishieni nyoyo."

Uamuzi ulikuwa huu. Ogutu apande tena ua wake, pale pale alipoukata, ili uhesabike haujakatwa. Ochola aitwe kutoka Awasi aje akate wake kwanza, kisha Were, kisha Ogutu. Ojuok huchipuka kwa kijiti kilichochomekwa tu, kwa hiyo kupanda hakukuwa kazi. Siku iliyofuata Ogutu, jicho limefungwa kwa kipande cha leso, alichomeka mstari wa vijiti kwenye pengo lake mbele ya mashahidi, na watu walimfuata na maneno. "Mwagilia, Ogutu, mkubwa asije akakuta mmekauka wewe na vijiti vyako." Yeye aliinama, akachomeka, akasema, "Mchekeni tu kipofu."

Kumwita Ochola ndiko kulikokuwa kugumu. Hakuna ndugu aliyetaka kwenda, na Mama Peris hakuweza. Nilitumwa mimi, kwa sababu nilikuwa na baiskeli na sikuwa wa upande wowote. Mama Peris alinipa maneno ya kusema na akanifanya niyarudie: "Mwambie simwombi aje ampende Ogutu. Aje akate ua wake, ale, arudi." Nilipanda Kisian, nikateremka Kisumu, nikapita mjini kabla joto halijakaza, nikashika barabara tambarare ya Ahero ambako mashamba ya mpunga yalikuwa yamekauka na kunguru walitembea ndani yake kama wakaguzi. Kuna watu hufurahia kufika. Mimi nilijifunza siku ile kwamba ninachopenda ni katikati, mtu asipojua uko wapi na wewe mwenyewe hujali. Sijapona ugonjwa huo.

Ochola alikuwa na mashine ya kusagia unga sokoni Awasi. Nilimkuta mweupe kuanzia nywele hadi viatu, nyusi zimebeba unga, na kelele ya mashine ilikuwa kubwa hivi kwamba tulizungumza vipande vipande, kati ya gunia na gunia. Nilisema jina la Mama Peris, akamwaga mahindi, mashine ikanguruma. Ilipozimwa nilisema njia. Ikanguruma. Ilipozimwa nilisema ua, nikasema Ogutu amekata kwanza, nikasema jicho, nikasema amepanda tena. Ochola alisimama na gunia mkononi. "Amepanda tena," alirudia. "Mbele za watu?" Nikasema mbele za watu. Aligeuka kuelekea kwenye mashine, na sikuona uso wake.

Jioni tulikula ugali na omena katika chumba kilichokuwa nyuma ya mashine, yeye, mkewe na mimi, na hapo akanieleza upande wake bila kuulizwa. Siku ya kumzika mama yao gari lilikuwa limeharibika. "Nilikuwa Ahero nasukuma gari bovu, na wao wanazika. Mkubwa ndiye anatupa udongo wa kwanza. Nilifika nikakuta Ogutu ameshatupa, kaburi limeshajaa. Hakuna aliyesema tumngoje Ochola. Hakuna." Nikatoa maneno ya Mama Peris kama nilivyopewa. Akanawa mikono. "Mama Peris ni mtu mzuri," alisema, na hilo kama jibu halikuwa jibu. Nilitandikiwa magunia karibu na mashine nikalala.

Kulipokuwa kunapambazuka niliwasikia upande wa pili wa pazia.

"Utaenda?" Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe.

"Kufanya nini? Mashine nitamwachia nani?"

"Mimi. Kwani unafikiri ni nani huiendesha ukienda kunywa chai?"

"Ogutu ana mdomo."

"Ogutu amepanda vijiti kama mtoto, watu wakimcheka. Uliniambia mwenyewe jana, ukacheka."

"Sikucheka."

"Ulicheka, Baba Awuor. Mashine ilikuwa imezimwa, nilikusikia."

Kisha mtu akavuta ndoo. Niliondoka bila jibu. Ochola alinipa tu kifurushi cha unga cha kumpelekea Mama Peris na kuniambia keria yangu inahitaji kukazwa nati.

Zilifuata siku za kungoja, na katika kumbukumbu yangu zote ni siku moja ndefu. Mawingu yalianza kukusanyika mchana upande wa pili wa ghuba. Wanawake waliyatazama wakasema si ya huku, kesho yake wakayatazama wasiseme kitu. Mama Peris aliendelea kupanda Kisian na karai, polepole, akiondoka mapema zaidi kila siku. Nilijaribu kumbebea akakataa, akisema samaki wakizoea kichwa changu watamkataa yeye. Lusweti alirudi kutoka mjini na habari kwamba ofisi itangoja mpaka mwisho wa wiki tu, kisha kalvati zitapakiwa kwenda kwingine. Alimwambia Mama Peris mwenyewe, wakiwa wamesimama langoni. Mama Peris alimsikiliza, akamkaribisha chai, akaingia ndani. Niliona baadaye kwamba amelitoa sanduku la chuma chini ya kitanda, amelifuta vumbi, na nguo mbili zimeshakunjwa juu yake.

Jumamosi Ochola alikuja. Hakutuma neno. Watoto waliokwenda kuteka maji walirudi mbio wakisema kuna mtu mwenye koti amesimama mbele ya boma lililofungwa. Tulipofika alikuwa amevua koti na kulitundika kwenye mti, na alikuwa akiuzunguka ua wake mrefu uliojisokota, akiugusa kwa ncha ya panga kama mnunuzi anayemkagua ng'ombe. Hakumsalimu mtu mmoja mmoja. Alisema, "Oyawore uru," habari za asubuhi nyote, akarudi hatua moja, akafunga leso kichwani mpaka kwenye nyusi kama mtu aliyefikiri jambo hilo njia nzima, na akakata. Hakuna aliyegusa panga mpaka tawi la kwanza likaanguka. Kisha Were akakimbilia boma lake akaanza wake, na kelele ya mapanga ikapokelewa na maboma ya juu mpaka karibu na Kisian, wanaume waliokuwa na tumbo na wageni wakatoka wamepona.

Zamu ya Ogutu ilipofika, ndugu wote watatu walikuwa wamesimama pengoni, Ochola akivuja jasho. Ogutu, jicho bado jekundu, aliinua panga lake, akatazama vijiti vyake vilivyokuwa vimenyauka na kuinama kila kimoja upande wake, akalishusha. Aliving'oa kwa vidole viwili, kimoja kimoja, kama mtu anayechomoa mwiba. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeota.

"Hata kupanda hujui," Ochola alisema.

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa ndugu yake tangu mazishi. Ogutu akajibu, "Nilikuwa nangoja mkubwa anifundishe." Ochola alitazama kando, kisha akachukua toroli lililokuwa karibu akalisukuma kuelekea kwenye mchanga wa ufuoni, na Ogutu akalifuata na koleo. Hawakupatana siku ile, na sijui kama walipatana kabisa. Ochola alikula kwa Mama Peris, akasifu samaki, na alasiri akarudi Awasi kama alivyoombwa. Lakini aliposimama kuaga alimwita Ogutu amsindikize mpaka barabarani, na Ogutu akaenda.

Tulimaliza kwa kukimbizana na mbingu. Lori lilishuka, kalvati ziliingia kijitoni, changarawe ikatandazwa na kushindiliwa kwa magogo. Ilipokuwa njia ya watu wawili kupita wakisalimiana, mvua ilianza, na usiku kucha nilisikia maji yakipita ndani ya kalvati badala ya juu ya njia. Sitasema njia ile ilimaliza matatizo ya mtu. Miaka michache baadaye vijana wa baiskeli walianza kununua samaki wenyewe ufuoni, na wanawake wengi wa makarai walipoteza wanunuzi wao. Mama Peris alilalamika kama wengine, kisha akaanza kuwauzia vijana hao chai na mandazi langoni pake, na akawasema vibaya wakila. Hayo yote yalitokea nikiwa nimeshaondoka. Ninachojua kwa macho yangu ni asubuhi ile ya wiki ya kwanza ya mvua.

Tulikuwa tumepeleka samaki. Kupanda, nilisukuma baiskeli na karai kwenye keria, yeye akitembea nyuma mikono mitupu, akiwaambia wote tuliokutana nao kwamba hajui aifanyie nini mikono yake. Kisian aliuza mapema. Kurudi, alikaa nyuma upande upande, karai tupu mapajani, goti bovu limenyooshwa, na mimi nikaiachia baiskeli iteremke. Karibu na boma la Ochola tuliona mgongo wa mtu anayeshuka kwa miguu, amevaa suruali ya ofisi iliyochomekwa ndani ya magambuti mapya meusi ya mpira, ya kumfika magotini. Magambuti yalikuwa makavu. Alitembea katikati ya njia taratibu, akitazama chini kila hatua, kama mtu anayetafuta tope alilokuwa ameahidiwa. Nikapiga kengele. Akasogea kwenye majani kupisha, kama mtu yeyote anavyopisha, na hapo akageuza uso.

"Ni Joel," nilimwambia Mama Peris. "Nisimame?"

"Kwani una breki?"

Sikuwa nazo za kutegemewa. Tulimpita. Mama Peris aliinua mkono mmoja kutoka kwenye karai, kama anavyomsalimu mtu wa kijijini anayemwona kila siku.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Pita nyumbani. Natangulia kuweka chai."